Uzoefu wangu: bukumaki za JavaScript za kurahisisha kuingia kwenye mifumo, muda zinaokoa ila paswedi usiweke humo

Mi nina steshenari na siku hizi fotokopi ni kazi ndogo tu, kazi kubwa ni kuwafungulia watu mifumo, leo ajira kesho mkopo wa chuo, mwingine anataka kontro namba ya kulipia kitu, mwingine kasajili jina la biashara hajui limefikia wapi, na kila mfumo una namna yake ya kukusumbua mlangoni. Kuna ambao ukiufungua kasa (kile kijistari cha kuandikia) haikai kwenye boksi la jina mpaka ubonyeze kwanza, kuna ambao unakataza kupesti kabisa, kuna ambao ukichelewa dakika chache unakutoa nje unaanza upya na mteja amekukalia anaangalia saa.

Ndo nikaingia kwenye hizi bukumaki. Kwa asiyezijua, ni bukumaki ya kawaida kabisa, kile kiungo cha ukurasa unachohifadhi kwenye brauza, ila pale kwenye anwani badala ya kuanza na https inaanza na javascript: halafu inafuata mistari ya maelekezo kwa JavaScript, lugha ya programu za kwenye tovuti, ukiibonyeza haikupeleki popote, inafanya kazi kwenye ukurasa uliofunguka hapo hapo. Sio kitu kipya bana, zipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 enzi za Netscape, brauza ya zamani, na hazihitaji kuinstoo chochote, ndo maana hata kompyuta yetu moja nzee yenye RAM 2GB inazibeba bila kulalamika. Kwenye Chrome unabonyeza Ctrl+Shift+B ule mstari wa bukumaki utokee juu, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi unaongeza ukurasa, jina unalipa wewe, kwenye sehemu ya URL unapesti maelekezo yako. Usijaribu kupesti kule juu kwenye upau wa anwani, Chrome inalikata lile neno javascript: makusudi, ni ulinzi.

Ninazozitumia kila siku ni chache. Ya kwanza inajaza jina la akaunti ya ofisi halafu inapeleka kasa kwenye paswedi, basi, paswedi naandika mwenyewe. Ya pili inageuza boksi la paswedi liwe maandishi ya kawaida, hii naipenda kuliko zote maana wazee wengi wanaandika paswedi kwa kidole kimoja af hawana uhakika kama herufi kubwa imekaa, nikiibonyeza anaona mwenyewe alichoandika anarekebisha, kabla haijawa akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi. Ya tatu inaondoa lile katazo la kupesti. Kwa kweli sijui nani aliwadanganya watu wa mifumo kwamba kukataza kupesti ni usalama, matokeo yake watu wanaweka paswedi fupi fupi za kijinga ili waweze kuziandika kwa mkono.

Sasa changamoto. Mifumo mipya mipya iliyojengwa kwa React na ndugu zake, yaani vifaa vya JavaScript vya kujengea tovuti, unajaza jina unaliona kabisa liko pale, ukibonyeza ingia inakwambia boksi liko tupu. Ni kwa sababu ukurasa unasubiri kusikia kwamba mtu ameandika, kuweka maneno tu haitoshi, inabidi maelekezo yako yapige na ile taarifa ya input, ishara ya kwamba kuna kilichoandikwa, ndo ukurasa ushtuke, na wakati mwingine hata hiyo haitoshi. Pia kama fomu imekaa ndani ya fremu ya tovuti nyingine, kama zile za malipo, bukumaki haigusi kitu humo. Na Firefox, hasa matoleo ya zamani, ilikuwa inagoma kwenye tovuti zilizoweka sera kali za CSP, yaani masharti ya tovuti kuhusu maelekezo gani yaruhusiwe kufanya kazi humo, bukumaki ile ile kwenye Chrome inapita. Kwenye simu ya Android ukiibonyeza kwenye orodha ya bukumaki hakitokei kitu, inabidi uandike jina lake kwenye upau wa anwani huku ukurasa uko wazi, ikitokea yenye nyota ndo unaigusa, kwa hiyo ipe jina fupi. OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja, na zile picha za kuthibitisha wewe sio roboti hapo hakuna ujanja, utasubiri kama wengine.

Ila kubwa kuliko yote ni hili la paswedi. Nimeona watu wanafundishana waweke jina na paswedi vyote humo ili wabonyeze mara moja waingie. Jamani hapana. Bukumaki haina kufuli, yeyote atakayekaa kwenye hiyo kiti akabonyeza Ctrl+Shift+O akafungua kuhariri anaisoma paswedi yako nyeupe kabisa, na kama umewasha kusinki, brauza kujinakili kwenye vifaa vyako vyote, basi imeshafika kwenye kila kifaa chenye akaunti yako. Halafu haijui iko wapi, ukiibonyeza kwenye tovuti feki inayofanana na ya ukweli inamwaga kila kitu. Paswedi mpe mtunza paswedi, programu ya kuzihifadhi, mi natumia Bitwarden, Ctrl+Shift+L inajaza, na haijazi kama anwani ya tovuti sio ile uliyohifadhi. Hata ile yangu ya jina nimeiwekea sharti iangalie kwanza location.hostname, yaani jina la tovuti iliyofunguka, ikiwa sio yenyewe inanyamaza.

Na usichukue bukumaki ya mtu usiyemjua ukapesti tu, maana ukiibonyeza ukiwa umeshaingia inaweza kufanya chochote ambacho wewe unaweza kufanya kwenye akaunti hiyo. Facebook wameweka onyo kubwa kwenye konsoli, ile sehemu ya brauza ya kuandikia maelekezo, kwa sababu hii hii, watu waliambiwa pesti hapa uone nani anakutembelea wakapoteza akaunti.

Kwa ujumla naipa nyota 4, moja nimekata kwa zile tovuti za React. Na ukihamia kompyuta nyingine huna haja ya kuandika upya, hamisha bukumaki zako kwenye faili la HTML uzipakie kule, zinakuja na maelekezo yake yote.