Diski ya Hedhi: Uzoefu Wangu wa Kuitumia kwa Usafi na Usalama

Diski ya hedhi ni kifaa kinachovaliwa ndani ya uke ili kukinga damu. Ninayoitumia ni ya silikoni ya kitabibu, ile ya kufuliwa na kutumika tena, niliyoihamia baada ya miaka mingi ya pedi na kipindi kifupi cha kikombe cha hedhi. Naishi Dodoma katika nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja, maji yetu ni ya mgao, na kazi yangu hunipeleka vijijini ambako choo cha kuaminika si jambo la hakika. Nayataja mazingira haya kwa makusudi, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kuhusu kifaa hiki yanamchukulia msomaji kuwa ana bafu lake, bomba lisilokauka na sinki pembeni ya choo. Sisi tusio na hayo tunaweza kuitumia diski vizuri kabisa, lakini usalama wake kwetu unategemea maandalizi kuliko unavyotegemea ubora wa diski yenyewe, na ni maandalizi hayo ninayotaka kuyaeleza kwa kina.

Kwanza kuhusu kifaa. Diski ni mduara wenye ukingo imara na katikati laini inayobonyea, na nyingi zina kipenyo cha milimita 60 hadi 80. Kikombe hukaa ndani ya uke kwa kujinata kwenye kuta zake, diski haijinati. Yenyewe huingia ndani zaidi, ukingo wake wa nyuma ukakaa katika uwazi ulio nyuma ya mlango wa kizazi, na ukingo wa mbele ukajiegemeza nyuma ya mfupa wa kinena, hivyo damu inadondokea ndani yake moja kwa moja. Kwa kuwa hakuna kunata, ule mvuto niliokuwa nikiusikia wakati wa kutoa kikombe sijausikia kwa diski, na ikishakaa mahali pake sihisi chochote. Ukiihisi inakuchoma au inabana, haijakaa sawasawa au ukubwa wake haukufai, na hupaswi kuivumilia.

Uwezo wake wa kubeba damu ndio ulionivuta. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walipima bidhaa 21 za hedhi kwa kutumia damu halisi ya binadamu, na diski ndizo zilizobeba nyingi zaidi, wastani wa mililita 61, ilhali pedi, tamponi na vikombe vingi vilibeba kati ya mililita 20 na 50. Kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi, tofauti hiyo ni usingizi wa usiku mzima. Kuna faida nyingine ambayo naithamini zaidi: unaiona damu yako jinsi ilivyo na unaweza kuikadiria. Madaktari huhesabu kuwa hedhi ni nzito inapozidi mililita 80 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo mwanamke anayejaza diski ndani ya saa chache, siku baada ya siku, ana sababu ya kwenda hospitali akapimwe wingi wa damu na kuangaliwa kama ana uvimbe kwenye kizazi. Wengi wetu tumeishi na upungufu wa damu tukidhani uchovu ule ni wa kazi.

Sasa mikono. Diski huingizwa na kutolewa kwa vidole, na vidole huingia ndani kabisa, kwa hiyo kila uchafu ulio kwenye kucha huingia navyo. Nanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuigusa, na nanawa tena baadaye. Pasipo bomba, namimina maji kwa kopo au natumia kidumu kilichotobolewa kwenye kifuniko. Sichovyi mikono kwenye beseni, maana maji ya beseni yakishachovywa mara moja si safi tena. Kucha zangu nimezikata fupi. Kucha ndefu, hasa zile za kubandika, zinaweza kukuchubua na zinaweza pia kutoboa sehemu laini ya diski, na mahali palipochubuka ndipo vijidudu hupata mlango.

Kuivaa nilijifunza nikiwa nyumbani, siku ya mapumziko, nikiwa na muda na utulivu. Nachuchumaa, nabana kingo mbili za diski mpaka ipate umbo la namba nane, kisha naisukuma kuelekea nyuma na chini, upande wa kifandugu. Wengi huisukuma juu kuelekea kitovu, nayo ikagota kwenye mlango wa kizazi au ikakaa mbele yake, na damu ikapita pembeni. Ikishafika mwisho, naunyanyua ukingo wa mbele kwa kidole mpaka ujifiche nyuma ya mfupa wa kinena. Halafu napapasa: kupitia sehemu laini ya diski, mlango wa kizazi hugusika kama ncha ya pua, na ukiwa umefunikwa hivyo basi umefanya sawa. Anayehitaji ulainisho atumie maji safi au kilainishi kinachotengenezwa kwa maji. Vilainishi vya silikoni huharibu diski ya silikoni, na mafuta ya nazi au ya kupaka mwilini si mahali pake.

Kuhusu muda sina mjadala: saa 12 ndizo ukomo. Watengenezaji wengi wameandika hivyo na sijaona sababu ya kuwapinga, hata katika siku ya mwisho ambayo diski hutoka na matone machache tu. Wingi wa damu si kipimo cha kuamua lini uitoe, kwa sababu hatari inayozuiwa kwa saa hizo ni ya bakteria. Mimi huitoa alfajiri kabla ya kuondoka na jioni nikisharudi, zote mbili nikiwa nyumbani penye maji na sabuni yangu, na katika siku nzito naongeza ya tatu. Mpango huu ndio umeniondolea adha ya safari. Basi la Dodoma kwenda mikoani husimama porini abiria wakachimbe dawa, na mwanamke mwenye pedi iliyojaa hana pa kuibadilishia wala pa kuitupa. Nikiwa na diski niliyoivaa alfajiri, nashuka kunyoosha miguu tu. Hata hivyo nabeba chupa ya maji safi, sabuni ndogo na mfuko, kwa kuwa basi likiharibika njiani saa haziachi kuhesabika. Ikilazimu kuimwaga mahali pasipo na maji ya kutosha, nanawa mikono kwa maji ya chupa, namwaga damu, naisuuza kwa yaliyobaki au naifuta kwa karatasi safi ya chooni, naivaa, na naiosha kwa sabuni mara nifikapo.

Jambo moja linalowashtua wanaoanza ni kwamba ukijikamua chooni diski inaweza kuinama na kumwaga damu yenyewe, kisha ikarudi mahali pake. Hilo ni la kawaida na wengine hulifurahia. Mimi huhakikisha kwa kidole, baada ya kunawa, kwamba ukingo wa mbele umerudi nyuma ya mfupa.

Kuitoa kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Nachuchumaa juu ya choo, najisukuma kidogo kama mtu anayekwenda haja kubwa, naingiza kidole chini ya ukingo wa mbele au nakivuta kishikio kama diski inacho, na naivuta taratibu ikiwa imelala sawa ili isimwagike. Kwa choo cha shimo naishika kwa mikono miwili nje ya tundu, kwa sababu ikiponyoka imekwenda. Siku ambayo haishikiki, pumzika kwanza. Haiwezi kupotelea tumboni, kwani tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno. Kaa, legeza mwili, jaribu tena baada ya dakika kadhaa, na ikishindikana nenda zahanati ukaitolewe bila kuona aibu. Muuguzi amekwisha kuona mambo magumu zaidi. Usitumie kijiko, kibanio wala kifaa chochote kuifuata.

Kuiosha naanza kwa maji baridi, kwa sababu ya moto hugandisha damu na kuacha madoa, kisha natumia sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche ya kufulia, dawa ya kung'arishia nguo na vimiminika vya kuua vijidudu vya sakafuni havifai, maana mabaki yake huwasha ukuta wa uke. Mwanzoni na mwishoni mwa kila hedhi naichemsha. Hapa ndipo maisha ya nyumba ya kupanga hujitokeza, kwa kuwa jiko ni la wote na kila mpangaji anaona kilicho motoni. Nimenunua sufuria ndogo yenye mfuniko ambayo haifanyi kazi nyingine, na naiweka jikoni bila kueleza chochote. Diski naiweka ndani ya chujio la chuma ili isiguse kitako cha sufuria ikaungua, maji yanaifunika yote, na yakishatokota nahesabu dakika kati ya 5 na 10 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, nikiwa nimesimama pale pale ili maji yasikauke. Kuimwagia tu maji ya moto ya chupa ya chai si sawa na kuichemsha. Baadaye naikausha hewani juu ya kitambaa safi na naihifadhi kwenye mfuko wa pamba unaopitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa huhifadhi unyevu, na unyevu huleta ukungu. Ikichanika, ikinata au ikitoa harufu isiyoondoka hata baada ya kuchemshwa, inatupwa. Zipo pia diski za kutumika mara moja, ambazo hazichemshwi wala hazirudiwi, nazo ziende kwenye pipa la taka, si chooni. Na diski ya mtu haiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja.

Usafi wa diski usichanganywe na kujiosha ndani ya uke. Uke hujisafisha wenyewe, na limau, siki, shabu au sabuni zinazopendekezwa na marafiki huua bakteria wazuri wanaoulinda na kuacha michubuko. Mwanamke anayetumia vitu hivyo pamoja na diski anajiweka mahali pabaya. Mwenye fangasi au maambukizi mengine atibiwe apone kwanza, na aichemshe diski kabla ya kuirudia.

Dalili za hatari nazieleza kila ninapoulizwa na rafiki kuhusu diski. Kuna sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ambayo ikiingia kwenye damu huangusha mwili kwa saa chache. Ilijulikana sana Marekani mwaka 1980 kwa sababu ya tamponi zenye uwezo mkubwa wa kufyonza, na imewahi kuripotiwa kwa watumiaji wa vikombe pia. Ni nadra sana, lakini haisubiri. Homa kali ya ghafla, kutapika au kuharisha, kizunguzungu cha kutaka kuzimia na vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua na jua, vikitokea ukiwa umevaa diski, itoe mara moja, nenda hospitali na umwambie daktari ulikuwa umevaa nini. Homa tunaizoea kuiita malaria, na dakika zinazopotea kwa kupima malaria peke yake zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zinahitajika kukuokoa.

Wapo wasiopaswa kuivaa bila ushauri. Aliyejifungua au kuharibikiwa mimba asubiri mpaka damu ya uzazi ikome na mhudumu wa afya amruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 6 hivi kwa aliyejifungua. Mwenye kitanzi aulize kliniki ya uzazi wa mpango kwanza, kwa sababu kidole kinachotafuta ukingo kinaweza kunasa nyuzi zake na kukivuta. Diski haizuii mimba, ijapokuwa baadhi huweza kubaki ndani wakati wa tendo la ndoa. Wasichana ambao hawajaolewa, na mama zao, huniuliza kuhusu bikira. Jibu langu ni kwamba diski inaingia ukeni na utando ule unaweza kunyooka au kuchanika, kwa hiyo uamuzi ni wa msichana mwenyewe, asilazimishwe na asidanganywe. Rafiki zangu Waislamu wamenieleza kuwa hedhi ikikaribia kuisha wao huiacha diski na kuvaa pedi nyembamba, ili wauone mwisho wa damu kwa macho kabla ya kuoga na kurudi kwenye swala. Naona ni utaratibu mzuri.

Bei yake hulipwa kwa mkupuo mmoja na inauma, hasa kwa anayezoea kununua pakiti moja ya pedi kila mwezi. Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike iliondolewa hapa Tanzania mwaka 2018 ikarejeshwa mwaka 2019, na kwangu mimi diski imekwisha kurudisha fedha yake. Ninachowadai wauzaji ni maelekezo. Niliyoinunua ilikuja na karatasi ya Kiingereza na Kichina yenye herufi ndogo, na duka lililoniuzia halikuwa na la kuongeza. Bidhaa inayoingia mwilini haipaswi kukabidhiwa hivyo. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye michoro ya kuivaa na kuitoa, muda wa kuchemsha, saa 12 zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa na dalili za hatari chini yake, haimgharimu muuzaji kitu cha maana, na muuzaji atakayeanza kutoa karatasi hiyo nitawapeleka kwake wote wanaoniuliza.