Godot 4 katika kusaka hitilafu za mwendo
Nimeitumia Godot 4, injini huria ya kutengenezea michezo ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2023, kurekebisha mchezo ambao mhusika wake alikimbia mno kwenye kompyuta moja na kujikokota kwenye nyingine, nami sina budi kuisifu. Kosa lilikuwa langu: nilimsogeza mhusika kwa idadi ile ile ya pikseli katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, bila kuzingatia muda uliopita, hivyo fremu zilipoongezeka, mwendo nao uliongezeka. Nilipouhamishia kwenye hatua ya fizikia, yaani sehemu ya programu inayokokotoa mwendo na migongano, ambayo kwa kawaida hutekelezwa mara 60 kwa sekunde, na kutumia amri ya move_and_slide, inayomsogeza mhusika na kumfanya ateleze anapogonga kitu, tatizo liliisha. Uangalifu unahitajika hata hivyo, kwa kuwa amri hiyo huzingatia muda yenyewe, na anayezidisha kasi kwa muda huo mara ya pili humwona mhusika akitambaa.

Kinachonivutia zaidi ni uwezo wa kusimamisha skripti kwenye mstari ninaoutaka na kusoma papo hapo thamani za vigeu, yaani majina yanayohifadhi thamani katika programu. GDScript, lugha ya programu ya Godot, huruhusu kigeu kisichotajwa aina ya thamani yake, kwa hiyo baadhi ya makosa hujitokeza mchezo ukiwa tayari unaendeshwa. Ningependa onyo kuhusu vigeu vya namna hiyo liwe limewashwa tangu mwanzo.