Kusafirisha besi kwa ndege kutoka Unguja: mkoba laini, kasha la faibaglasi au sanduku la fundi?

Kundi la taarab likialikwa ng'ambo, ala inayoleta mjadala ni besi ya kusimama. Fidla inakaa juu kwenye sehemu ya mikoba, udi mara nyingi unakubaliwa ndani ukiomba mapema, na sello inaweza kununuliwa kiti chake. Besi haina kiti. Urefu wake ni karibu sentimita 180, na hata ukilipa nauli mbili hakuna pa kuiweka juu. Itashuka kwenye shehena, kwa hiyo suala ni itashuka ndani ya nini.

Mpigaji aliyepo Unguja ana njia tatu: mkoba laini, kasha gumu la faibaglasi linaloagizwa nje, au sanduku la plaiwudi linalochongwa na fundi hapa hapa. Tumezipima zote kwa kigezo kimoja kabla ya bei na uzito: linashikaje shingo?

Kigezo hicho kina sababu. Besi haivunjiki sana kwa kugongwa ubavuni. Inavunjwa na uzito wa kichwa chake. Kasha likisimamishwa kisha likaanguka kwa mgongo, tumbo linasimama pale pale kwa sababu limeegemea sponji, lakini kichwa na mashine zake nne za chuma za kukazia nyuzi bado kinakwenda. Nguvu yote inaishia kwenye kisigino, pale shingo inapoungana na tumbo, na hapo ndipo panapokatika. Ndiyo maana kasha linaweza kutoka kwenye mkanda wa mizigo bila mchubuko wowote, na ndani mkawa na besi vipande viwili. Anayenunua kwa kugonga ukuta wa nje kwa ngumi kusikia ugumu wake anapima kitu kisichohusika.

Mkoba laini tunaumaliza haraka. Hata wenye sponji ya sentimita 3 ni wa kubebea besi mjini, si wa ndege. Hauna chochote kinachozuia kichwa kisirudi nyuma, na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi juu ya ubao wa mbele, liko nje nje: sanduku la mtu mwengine likiwekwa juu yake, daraja linasukumwa na kuchana ubao wa mbele. Kuna na jambo la kisheria. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unaliachia shirika la ndege nafasi ya kujitoa pale uharibifu unapotokana na kasoro ya mzigo wenyewe, na ufungaji dhaifu ndio hoja ya kwanza utakayoisikia kaunta. Ukisaini kitambulisho cha mzigo kinachosema umekubali usafiri kwa hatari yako, madai yako yanazidi kudhoofika.

Kasha la faibaglasi ndilo bora kati ya matatu, lakini si kila kasha la faibaglasi. Mengi yana uzito wa kilo 20 hadi 35 matupu. Ongeza besi ya kilo 10 na ushei, na unakaribia au unapita kilo 32, ambazo kwa mashirika mengi ndio mwisho wa mzigo mmoja wa abiria. Zaidi ya hapo hauchukuliwi kama begi hata ukitaka kulipia. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza dukani ni uzito likiwa tupu, na usiridhike na zaidi ya kilo 20.

La pili ni ndani. Fungua, laza besi, kisha angalia inagusana wapi na kasha. Inatakiwa iegemee mbavu za juu, mbavu za chini na mgongo, basi. Shingo ikae kwenye kitanda cha sponji ngumu karibu na kisigino, mkanda mpana ukipita juu yake. Kichwa kisiguse kitu: kiwe na nafasi ya sentimita 3 nyuma na pembeni. Makasha ya bei nafuu yanajaza sponji nyuma ya kichwa kwa nia njema, na hilo linageuza kichwa kuwa mahali pa kupokea pigo. Sponji hiyo ikatwe kwa kisu.

Daraja nalo lina jaribio rahisi. Paka chaki nyeupe juu ya ukingo wa daraja, funga kifuniko, kaza makomeo yote, bonyeza katikati kwa viganja viwili, kisha fungua. Ukikuta alama ya chaki upande wa ndani wa kifuniko, kasha hilo halifai kwa besi yako, hata kama linaifaa ya mwenzako, kwani madaraja hayalingani kimo. Tunataka sentimita 5 za hewa hapo. Baada ya chaki, inua upande wa kichwa sentimita 20 kutoka sakafuni na utikise. Ukisikia chochote kinagonga ndani, bado.

Makomeo yawe yamezama ndani ya ukuta, maana yaliyochomoza yananasa kwenye mkanda wa kupakilia na kung'oka. Magurudumu ndio udhaifu unaotuudhi zaidi. Viwanda vinafunga vidogo vya plastiki vya sentimita 5, vinavyokwenda vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege na kufa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Badilisha uweke ya mpira ya sentimita 10, yenye boliti zinazopita ukutani na vibati ndani. Skurubu peke yake zinachomoka. Au usiliburure kabisa: mpe hamali mwenye rikwama, tandika godoro chini, na kasha lilale.

Sasa sanduku la fundi. Watu wengi hapa huanzia huku kwa sababu plaiwudi ipo na mafundi wazuri wapo. Piga hesabu kwanza. Sanduku la sentimita 200 kwa 75 kwa 60 lina eneo la mita za mraba 6.3. Plaiwudi ya milimita 9 ina uzito wa kilo 5.4 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo mbao tupu ni kilo 34. Bado bawaba, pembe za alumini, sponji, magurudumu na besi yenyewe. Unafika kwenye 55. Ukishuka kwenye milimita 6, mbao zinakuwa kilo 23, lakini ukuta mpana hivyo unabonyea bila fremu, na fremu inarudisha uzito ulioukimbia. Jawabu ni kwamba sanduku la plaiwudi la besi si mzigo wa abiria. Ni shehena, linakwenda kwa hati yake, na kwa kundi linalosafiri na ala nyingi mara moja hilo si baya hata kidogo.

Ukienda njia hiyo, mwambie fundi asitie vipande vya mbao nzima kwa ndani vya kuimarisha. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, inayojulikana kama ISPM 15, inataka mbao nzima ziwe zimetiwa joto maalumu na kupigwa muhuri, la sivyo zinaweza kuzuiwa bandarini au uwanjani. Plaiwudi imesamehewa. Pembe na fremu ziwe za alumini na riveti, na sanduku linapita bila maneno. Sponji ya godoro la kawaida isitumike peke yake: inadidimia mpaka chini kwa pigo moja, na inanyonya unyevu. Weka tabaka la sentimita 5 la sponji ngumu isiyopitisha maji, kisha juu yake sentimita 2 ya laini inayogusa vanishi.

Kasha zuri haliisaidii besi iliyofungwa vibaya. Nyuzi nne za besi zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 100, na kosa la kawaida ni kuzilegeza zote mpaka mwisho. Kile kijiti cha ndani kinachosimama chini ya daraja hakina gundi. Kimebanwa na mvutano huo tu. Ukiuondoa wote, kinaanguka, na kukisimamisha tena kunataka mtu mwenye vifaa na mkono uliozoea. Shusha kila uzi kwa sauti moja na nusu au mbili, basi, daraja libaki limesimama. Kisha kata kipande cha sponji ngumu ukipenyeze kati ya ubao wa vidole na ubao wa mbele, kijae bila kulazimishwa: hiki ndicho kinachozuia shingo isizame mbele. Zungushia daraja sponji pande zote mbili, ufunge kwa kitambaa, usitumie utepe wenye gundi juu ya vanishi. Piga picha ya miguu ya daraja pamoja na rula, ili likisogea ujue lilikuwa wapi. Chomoa mguu wa chuma ambao besi inasimamia, uuviringe kwenye taulo, utie kwenye begi la nguo linaloshuka chini, maana ukibaki mahali pake na kasha likaangukia upande huo, unasukumwa ndani na kupasua kitako.

Kufuli isitumike. Maafisa wa ukaguzi watataka kufungua, na kufuli iliyovunjwa inaacha komeo bovu kwa safari yote iliyobaki. Bandika ndani ya kifuniko picha kubwa ya besi ilivyolala, mikanda ikionekana inapita wapi, ili aliyeifungua ajue kuirudisha. Kwa nje andika upande wa juu ni upi. Mlango wa shehena wa Boeing 737 una kimo kisichofika sentimita 90, kwa hiyo kasha litalazwa tu. Linachotakiwa ni kulala kwa mgongo au ubavu, kamwe si kifudifudi.

Hali ya hewa inapuuzwa kuliko inavyostahili. Mbao iliyokaa Unguja imezoea unyevu mkubwa wa mwaka mzima. Ipeleke Ulaya mwezi wa Januari, kwenye ukumbi wenye joto la mashine na hewa kavu, na ubao wa mbele unasinyaa kwa upana ndani ya siku chache. Nyufa zinafuata mistari ya mbao. Kwa sababu hiyo usitie vifuko vya kukaushia unyevu unapotoka hapa kwenda kwenye baridi. Vinaharakisha kile unachokiogopa. Tia kipimo cha unyevu na kifaa cha kulowesha hewa ndani ya kasha, na ukifika, ukishaikagua haraka uwanjani, uache kasha limefungwa saa kadhaa kabla ya kuitoa besi. Jua la uwanja wa ndege wa Kisauni nalo lina madhara yake: gundi ya ngozi iliyoshikilia besi nyingi inalainika kwa joto, na kasha jeusi likiachwa kwenye lami mchana, viungo vinaachia. Chagua kasha jeupe au lifunike kwa kitambaa cheupe.

Kabla ya tiketi, pata jawabu la maandishi kutoka kwa shirika kuhusu vipimo na uzito, na kwa kila ndege ya safari nzima, si ya kwanza tu. Mashirika ya Marekani yanabanwa na kanuni ya nchi yao ya 2015 kupokea ala mpaka kilo 75 na jumla ya sentimita 381 za urefu, upana na kimo, ikiwa ndege ina nafasi. Mashirika ya kwengine hayabanwi nayo, na ndege itakayokutoa Zanzibar huenda ni ya hao. Upinde mzee uangaliwe ncha na kishikio: pembe ya ndovu au gamba la ng'amba litakupotezea upinde mpakani. Ala zilizokamilika za mbao za jamii ya mpingo zimesamehewa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Novemba 2019, isipokuwa mti mmoja wa Brazil, Dalbergia nigra.

Fungua kasha kwa muda mfupi ukiwa bado ndani ya ukumbi wa kuwasili, uangalie, ulifunge tena. Ukiona tatizo, nenda dawati la mizigo hapo hapo, na madai ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Fidia ya juu kwa mizigo yote ya abiria mmoja, tangu tarehe 28 Disemba 2024, ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), kama dola 2,000 za Marekani. Besi nzuri inapita hapo, kwa hiyo ama utangaze thamani yake kaunta na ulipie, ama ukate bima ya ala. Na ikiwa mwenyeji anaweza kukupatia besi huko, tunasema bila kusita: kubali, na uchukue nyuzi zako na upinde wako tu.

Wa Pemba wasahau ndege kwa besi. Ndege ndogo za visiwani, Cessna Caravan, kwa kawaida zinataka mikoba laini na kilo 15. Besi inapanda boti kwenda Mkoani, ikiwa imefunikwa turubai dhidi ya maji ya chumvi na kufungwa mbali na jua.

Ganuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ni hadithi nyepesi zaidi, na hapa sanduku la fundi linashinda wazi. Plaiwudi ya milimita 6, sentimita 110 kwa 52 kwa 20, ni kama kilo 6 na nusu za mbao. Pamoja na ala na sponji bado unabaki chini ya kilo 23 za begi la kawaida, ingawa utalipia ukubwa kwa kuwa jumla ya vipimo inapita sentimita 158 za begi hilo. Sponji isiguse zile ngozi zilizo chini ya daraja. Shusha nyuzi zote kwa sauti moja, ukianzia pande zote mbili kuja katikati, ili mvutano usilalie upande mmoja na ngozi ikikauka njiani isichanike. Ufunguo wa kukazia ufungwe kwa kamba ndani ya sanduku, na wa akiba utie kwenye begi la nguo, kwani ala yenye nyuzi 78 haikazwi kwa vidole.