Uzoefu wangu: cheti cha kuzaliwa cha ukubwani, na tarehe isiyolingana na jalada la kazi (Uganda)

Huduma ya cheti naipa nyota nne kati ya tano. Ya kurekebisha tarehe naipa mbili na nusu, hasa kwa sababu hakuna anayekuambia pa kuanzia.

Kwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa, cheti hufuata kilichoandikwa kwenye rejista ya NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili. Ukikiomba kabla ya kusahihisha rejista, umelipa shilingi 5,000 kununua kosa lile lile, safari hii likiwa na muhuri. Kwa hiyo sahihisha kwanza, hakikisha rekodi imebadilika, ndipo uombe cheti.

Ila kwa mtumishi wa serikali kuna hatua ya kabla ya hapo: jalada. Taratibu za utumishi huishika tarehe uliyoitaja ulipoajiriwa mara ya kwanza, na kustaafu ukiwa na miaka 60 huhesabiwa kutoka hapo. Mwombe afisa rasilimali watu akuonyeshe fomu ya ajira ya mwanzo, si barua za kupandishwa cheo, kisha uilinganishe na kitambulisho. Kosa la mwaka huonekana haraka kwenye NIN, yaani namba ya kitambulisho: baada ya herufi CM (mwanamume) au CF (mwanamke), tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa.

Jalada likiwa sahihi na NIRA ndiyo yenye kosa, kazi ni nyepesi. Makosa ya kawaida ni siku na mwezi kubadilishana nafasi, au 1 kusomwa 7. Ada ya kubadili taarifa ni shilingi 200,000. Unachukua namba ya malipo, ile PRN, na kulipa benki au kwa simu. Kuhuisha kadi kulikoanza 2025 ni bure, lakini kubadili taarifa ni jambo jingine. Watu wengi huchanganya hayo mawili.

Jalada nalo likiwa na kosa, usikimbilie NIRA. Mfumo wa mishahara husomana na rejista yao, hivyo utakuwa umezalisha tofauti mpya mwenyewe, na tofauti hiyo huibuka wakati wa uhakiki wa mishahara au, vibaya zaidi, faili la pensheni likiwa mezani. Andika kwanza kwa Afisa Mkuu Tawala wa wilaya kupitia afisa rasilimali watu. Na tuambizane ukweli: anayeomba kupunguziwa miaka akiwa na 58 atatiliwa shaka hata akiwa na haki.

Ushahidi unaobeba uzito ni ule uliotangulia ajira. Kadi ya ubatizo iliyoandikwa upya juzi kwa wino mbichi haimshawishi mtu. Omba nakala ya ukurasa wenyewe wa daftari la parokia. Waislamu wengi wa Bombo na Arua hawana daftari la namna hiyo, basi wategemee rejista ya shule ya msingi, ikiwa na saini ya mwalimu mkuu, pamoja na matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, inathibitisha makazi na kwamba unafahamika. Siku uliyozaliwa haiithibitishi.

Hati ya kiapo ndiyo huharibiwa zaidi. Wengi huandika tu “tarehe sahihi ni hii” na kuishia hapo. Inatakiwa itaje tarehe zote mbili, kila moja imo kwenye waraka gani, na tofauti ilitokeaje. Jina nalo liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho: Hamis na Hamisi mbele ya karani ni watu wawili. Anayeapa akiwa mzazi asiyesoma Kiingereza, sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka aliyeiandika hati aweke jina lake kamili na anwani yake, na athibitishe kwamba mzazi alisomewa akaelewa. Kifungu hicho kikikosekana, hati inaweza kukataliwa.

Risiti ya malipo na nakala za kila waraka ulioupeleka ziingie kwenye jalada la kazini pia, zikiwa na muhuri wa kupokelewa.