Seti ya geji ya kompresheni ya dizeli: inunue, ila isikushushie injini peke yake

Lori linalokula oili na dizeli kwa mpigo hupewa hukumu moja kwenye gereji nyingi: ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) zimekwisha, shusha injini. Seti ya kupimia kompresheni ya dizeli (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), lile boksi la plastiki lenye geji, hozi na adapta kadhaa linalopatikana kwenye maduka ya zana kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kirinyaga Road, Nairobi, ndiyo zana rahisi ya kuihoji hukumu hiyo. Bei yake ni ndogo sana ukiiweka kando ya pistoni, ringi na slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) za Canter moja. Inastahili pesa yake. Tatizo ni kwamba kuna magonjwa ya oili ambayo haiyaoni kabisa, na fundi asiyejua hilo ataitumia kuthibitisha makosa.

Tuanze dukani. Geji lazima ifike bar 70 au psi 1000. Ya petroli inayoishia bar 20 haifai, dizeli itaiharibu mara ya kwanza tu. Nenda na nozeli (kifaa kinachopulizia dizeli kwenye silinda) ya zamani ya gari lako, kwa sababu geji hupima kupitia adapta inayokaa mahali pa nozeli, na urefu wake unatakiwa ulingane nayo. Usidanganywe na idadi ya adapta kwenye boksi. Nyingi hutazigusa maisha yako yote. Kisha tazama valvu ya kuzuia upepo usirudi. Inatakiwa iwe kwenye ncha ya adapta, karibu na chumba cha mwako. Kwenye seti hafifu huwekwa juu, upande wa geji, na hapo nafasi yote ya hozi huongezeka kwenye chumba cha mwako ambacho kwa dizeli ni kidogo mno. Matokeo yake kila silinda husoma chini na injini nzima huonekana mgonjwa. Mwisho omba upepo wa kompresa ya tairi: jaza hadi bar 7, subiri dakika moja. Mshale ukishuka, rudisha boksi.

Kabla ya kufungua nozeli hata moja, pata hesabu. Jaza tanki hadi shingoni, endesha angalau kilomita 500, jaza tena hapohapo. Oili ipime gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, dakika kumi baada ya kuzima, na unachoongeza kipimwe kwa jagi. Lita 1 ya oili kwa kila lita 200 za dizeli ni asilimia 0.5, ikivuka hapo, kuna ugonjwa wa kutafutwa. Injini nzima hula chini ya hapo kwa mbali.

Kupima kwenyewe: injini ipate moto hadi kama nyuzi 80, betri ziwe zimejaa, eya klina iwe safi. Kata dizeli kwa kuchomoa waya wa solenoidi au kuvuta wenzo wa kuzimia. Toa nozeli zote, siyo moja moja, ili stata izungushe injini kwa kasi ileile kwa kila silinda. Piga stata kidogo bila geji ili masizi yaruke nje. Weka washa (pete bapa) mpya ya shaba chini ya adapta, kaza, kisha zungusha mpaka mshale usimame. Kwa kawaida ni mizunguko mitano au sita ya kukandamiza. Rudia mara mbili kwa kila silinda na uandike.

Dizeli nyingi za kupuliza moja kwa moja kwenye pistoni, zikiwa nzima, husoma kati ya bar 24 na 31 usawa wa bahari. Kipimo cha injini yako chukua kwenye kitabu chake. Hapa ndipo injini nyingi za bara huonewa. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa yenyewe imepungua kwa takriban asilimia 18. Injini inayosoma bar 26 Dar es Salaam itasoma kama 21 au 22 Mbeya bila kuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo tofauti baina ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe: isizidi asilimia 10 hadi 15.

Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, shuku gasketi ya hedi. Moja peke yake ikishuka, ni valvu isiyokaa vizuri, ringi iliyovunjika au fimbo ya pistoni iliyopinda. Zote zikishuka sawasawa, hakikisha kwanza stata haivuti kivivu, kisha fuata bomba la hewa kutoka eya klina hadi injini. Hozi iliyopasuka inayovuta vumbi husaga ringi na slivu zote kwa pamoja, na ukifunga ringi mpya bila kuibadilisha, kazi yote itarudi.

Kile kipimo cha kumwaga oili kwenye silinda na kupima tena, kilichozoeleka kwa petroli, usikitegemee kwa dizeli hizi. Oili hukaa kwenye shimo la juu ya pistoni badala ya kufika kwenye ringi, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, kompresheni hupanda hata kama ringi ni nzima. Ukizidisha, unaweza kupinda fimbo ya pistoni. Badala yake peleka upepo wa kompresa kwa adapta ileile (toa kiini cha valvu kwanza), pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, krenki imeshikiliwa na mikono iko mbali na feni. Upepo ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au slivu; kwenye ekzosi au njia ya hewa ni valvu; mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi.

Sasa yale ambayo geji haiyaoni. Ringi za oili zikigandiana kwa masizi, ringi za kompresheni zinaweza kuendelea kubana vizuri na kila silinda ikasoma sawa huku oili inaisha. Sili za valvu vilevile hazionekani. Hizo hujulikana kwa moshi wa bluu asubuhi gari linapowashwa, kisha unapungua. Turbo inayovuja huacha oili nyingi kwenye hozi ya kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo). Kwenye lori la breki za upepo, fungua vali za chini za matangi ya upepo: maji yakitoka na oili nyingi, kompresa ya breki ndiyo inayokula. Kwenye magari madogo ya breki za vakyumu, kagua pampu iliyo nyuma ya altaneta na hozi ya kwenda kwenye busta ya breki. Na bomba la kupumulia injini likiziba, oili husukumwa nje kwenye kila sili.

Kwa upande wa dizeli, geji hujibu sehemu ndogo tu. Breki inayoburuza, tairi zenye upepo mdogo na taimingi ya pampu haviguswi. Nozeli inayodondosha ndiyo inayounganisha malalamiko yote mawili: dizeli isiyoungua huosha oili kwenye ukuta wa slivu, ringi zinalika, na nyingine hushuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kuficha upungufu wa oili kwenye kijiti cha kupimia. Nusa kijiti. Na thamostati iliyotolewa “ili gari lisichemke” irudishwe; injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula dizeli zaidi na hulika haraka.

Kwa gereji inayohudumia malori, au mwenye magari matatu na fundi wake, seti hii ni ya lazima. Mwenye Canter moja alipie tu kupimwa, mradi apewe karatasi yenye namba ya kila silinda. Ovahoo (kufungua na kufufua injini yote) isubiri hadi kompresheni, kipimo cha upepo na kipimo cha nozeli kwa fundi wa pampu vielekeze mahali pamoja.