Toyota IST ya mkononi hapa Tanga: kwa mil 9 chukua, kwa mil 11 na nusu hapana

Kwa wenye haraka naweka jibu hapa juu kabisa. IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 mpaka 2007, namba D (yaani herufi zake za usajili zinaanza na D), iliyotumika hapa hapa Tanga, ni gari nzuri sana kwa mil 9 kushuka chini kama bodi yake ya chini ni nzima. Kwa mil 11 na nusu ambayo madalali wengi walituanzia hapo unalipia rangi na herufi za namba. Nimezunguka kutafuta gari na dada yangu, mwalimu, anakaa Pongwe na kila siku anaingia mjini, tumeangalia za Chumbageni, Duga, Mikanjuni, Raskazone na yadi moja ya mjini, kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho na kukigusa kwa mkono.

Gari yenyewe haina ubishi. Injini ni mbili, cc 1300 na cc 1500, zote zinatumia cheni sio mkanda kwahiyo hakuna ile habari ya kubadilisha taimingi belti kila baada ya kilometa kadhaa, spea Ngamiani zimejaa, fundi yeyote anaijua hata ukiharibikiwa Muheza au Hale hulali njiani. Ukitaka kujua ni ipi angalia namba ya chasisi, NCP60 ni 1300, NCP61 ni 1500, NCP65 ni 1500 inayovuta tairi zote nne. Kuna mmoja alitutangazia 1500 tukafungua boneti chasisi ikasoma NCP60, tukamwambia kaka hii ni 1300, akasema eti hata yeye aliuziwa hivohivo.

Sasa bei. Watu wanapanga bei kwa herufi, namba C ni hela hii, D inayoanza mwanzoni hela hii, D ya mwisho mwisho unaongeza mil, E ndo usiseme. Namba inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii ilitengenezwa lini wala imetunzwaje. Tumeona IST mbili zote kwenye kadi ni za mwaka 2004, moja namba C nyingine D ya juu, tofauti ya bei karibu mil 2, na ile ya namba C ndo ilikuwa nzima kuliko mwenzake kwa mbali. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, usome mwenyewe usisomewe.

Najua mtu atauliza kwanini gari ya miaka 20 bado inauzwa hela yote hiyo. Ni kodi. Ukiagiza gari Japani iliyozidi miaka 10 unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, eksaizi (ushuru wa bidhaa) asilimia 5 kwa hizi cc, uchakavu yaani umri wa gari asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, ukipiga hesabu kodi peke yake inakaribia kulingana na bei ya gari pamoja na meli mpaka bandarini. Kwahiyo anayeuza ya mkononi anajipima na anayeagiza. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unaweka aina ya gari na mwaka kinakupa kodi, ingia humo kabla hujaongea na dalali yeyote, utajua kuagiza ni shingapi na punguzo la maana kwa ya mkononi linatakiwa liwe kiasi gani. Kama tofauti ni mil moja na nusu tu mimi kwa upande wangu naona bora usubiri ujazie uagize.

Kitu kikubwa kwa Tanga, na watu wa Bagamoyo na Pangani mnaelewa pia, ni chumvi. Gari iliyolala miaka minane Raskazone upepo wa bahari unaipiga usiku na mchana haiwezi kuwa sawa na iliyokaa Dodoma, hata kama zote zina kilometa zilezile na zote zinang'aa. Kutu haianzii unapopaona. Inaanzia chini ya milango kwenye ile bati ndefu kati ya tairi la mbele na la nyuma, ndani ya matao ya tairi, kwenye shimo la tairi la akiba, kwenye mabomba ya breki na pale shokapu za nyuma zinaposhikilia bodi. Tandika boksi ulale chini uwe na tochi. Gonga taratibu na mpini wa bisibisi, bati nzima inalia, bati iliyooza inajibu kama unagonga mkate. Kama chini kumepakwa ile rangi nyeusi nzito mpya mpya ujue mtu kaficha kitu, muulize kwanini kapaka wiki hii. Ukimaliza chini inua makapeti ndani, shika sakafu, kama kuna unyevu au harufu ya kuvunda na reli za viti zina kutu basi gari hiyo ama inavuja ama iliwahi kuingia maji, mimi hapo sina mazungumzo tena naondoka.

Halafu beba sumaku ndogo, ile ya kwenye spika mbovu inatosha. Ipitishe kwenye bodi, inaposhika ni bati, inapoteleza ni puti, na puti maana yake pamegongwa au pameoza pakajazwa. Ifunge kitambaa isije ikachuna rangi ya watu. Mzee mmoja wa Raskazone, muungwana kweli, tumempa shikamoo yake katukaribisha na kahawa kabisa, gari yake nyeupe imenyooka kwa macho. Nilipotoa sumaku akasema "Mwanangu, mlango wa kushoto nyuma nisikufiche, kijana wangu alikwaruza geti, lakini chini sijawahi kushika." Tukashika chini pamoja nae. Mabomba ya breki yalikuwa yameanza kutoa magamba na bati ya kushoto ilishaanza kulika. Kaanzia mil 10 na laki 8. Kwa uungwana wake natamani tungenunua kwake ila hapana, bati ikishaanza kuliwa kwa ndani fundi bodi anakata anachomelea, baada ya masika mawili unarudi kulekule.

Injini iangalie ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, na ukifika weka mkono kwenye boneti, kama ni ya moto kaiwasha, rudi siku nyingine asubuhi. Ikiwaka kaa nyuma ya ekzosi, moshi wa bluu inakula oili, mweupe unaoendelea kutoka hata ikishapata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, mweusi inakula mafuta vibaya. Mvuke kidogo wa asubuhi unaoisha haraka usikutishe. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utelezi wa rangi ya maziwa funga rudisha shukrani. Gia boksi nayo ina kijiti chake kwenye hizi za zamani, oili yake inatakiwa iwe nyekundu nyekundu, ikiwa kahawia na inanuka kuungua hiyo ni gharama.

Taa za dashibodi, hapa wengi wanapigwa. Ukifungua swichi kabla hujawasha injini, taa ya injini, ya eabegi na ya ABS kama gari inayo zinatakiwa ziwake zote, ya eabegi na ya ABS zizime zenyewe baada ya muda mfupi, ya injini izime ukishawasha injini. Kama taa ya injini haiwaki kabisa mtu kaing'oa au kaiziba. Tafuta fundi umeme mwenye mashine apime, na apime baada ya kuendesha sio kabla, maana hitilafu zikifutwa asubuhi mashine inasoma safi mpaka gari itembee kidogo.

Kilometa za kwenye saa msizibebe kama msahafu. Angalia pedali ya breki imelika vipi, usukani umekuwa laini kiasi gani, kiti cha dereva kimezama upande wa mlango au la. Tuliona IST ya kilometa 78,000 pedali imebaki chuma. Namba zake njano za gari binafsi lakini ndani ya boneti na kwenye buti kuna rangi ya zamani tofauti, ilikuwa na namba nyeupe za biashara hiyo, ilikuwa teksi, na teksi sio dhambi ila bei yake ni nyingine. Tairi pia zina tarehe, tafuta tarakimu nne pembeni, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, tairi ya umri huo hata kama ina vidole inahesabika kwenye punguzo.

Mjini kwetu ni tambarare, kuijaribu gari kutoka Barabara ya 20 mpaka Chumbageni hakukwambii kitu. Ipeleke barabara ya Segera mpaka Muheza, AC imewashwa, watu wanne ndani, macho kwenye alama ya joto la injini. Kurudi pitia mitaa mibovu uzime redio usikilize bushi na boljointi. Muuzaji anayekataa kufika Muheza kwa mafuta yako mwenyewe amekujibu.

Karatasi nazipitia haraka lakini usiziruke. Kadi halisi, jina la muuzaji lifanane na kitambulisho, namba ya chasisi na ya injini uzisome kwenye gari yenyewe. Deni la trafiki unaliangalia mtandaoni kwa namba ya gari, kosa moja ni 30,000 na kuna gari tulikuta limejaa, deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara) pia unaangalia, na bima unahakiki kwa mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) maana stika za kuchapisha zipo. Hela ikitoka mkataba wa mauziano uwe umesainiwa, na umiliki uhamishwe TRA, usikubali maneno ya "utatembelea jina langu tu haina shida". Na zile zenye namba za Kenya zinazopitia Horohoro zinauzwa bei laini, zile zinaingia kwa kibali cha muda, kodi ya huku haijalipwa, achana nazo kabisa.

Dada amechukua ya Mikanjuni, 1300, namba C, rangi imepauka kwenye paa lakini chini bati inalia vizuri kila mahali. Mwenye gari alitaja mil 9 na laki 8. Fundi alihesabu shokapu za mbele, tairi mbili na bushi, tukampa mwenye gari orodha na bei za dukani Ngamiani mbele yake, hatukubishana sana, tukamalizia mil 8 na laki 7. Gharama ya fundi kulala chini na kupima na mashine ilikuwa 50,000, na ndo hela iliyofanya kazi kuliko zote.

Kwa safari za Pongwe mjini 1300 inatosha na inanusa mafuta. Kama wewe ni mtu wa kupanda Lushoto kila mwisho wa wiki na familia, nyota mbili tu kwa hii ya 1300, tafuta NCP61 uongeze laki kadhaa.