Baiskeli za umeme za kukodi Mbeya: mashine safi, maelezo zero

Wadau, hawa jamaa wanaokodisha baiskeli za umeme hapa mjini kwenye mashine yenyewe wako vizuri, mlima wa kutoka Uyole kwenda Isongole unapanda huku unapiga stori, chaji haishuki hovyo na breki za disiki zinakamata hata udongo ukiwa umelowa. Shida ni maelezo. Ukiwauliza sheria za kuingia nayo kwenye msitu wa Ziwa Ngozi wanakujibu "we nenda tu bosi", wakati hizi baiskeli ziko aina mbili, moja mota haisaidii mpaka ukanyage pedali, nyingine ina eksileta mkononi kama bodaboda. Wenzetu Ulaya ile ya pedali ikiwa haizidi wati 250 na mota inakata kwenye kilomita 25 kwa saa ndo inahesabiwa baiskeli, ya eksileta inaingia kundi lingine kabisa. Mimi nikapewa ya eksileta kimyakimya, kufika geti la msitu mlinzi kaizunguka, kaigusa mkono, "kaka, hii si pikipiki hii?" Basi nikaiacha pale nikapanda Ziwa Ngozi kwa miguu, japo kusema ukweli ile mizizi na matope ya juu ungeibeba begani tu. Hela ya siku nzima haikurudi. Mkikodi ombeni ya pedali, na waulizeni TFS (wakala wa serikali wa misitu) kabla hamjatoka mjini.